Kompyuta na jeshi: nani alilipa, nani alifikiri, nani alifaidika

Kila kampuni ya akili unde inapotangaza mkataba na wizara ya ulinzi, mabishano yaleyale huanza upya mitandaoni na vijiweni. Mmoja atasema huo ni usaliti, teknolojia ya raia inauzwa kwa wanajeshi. Mwingine atamjibu kwamba hajui historia: kompyuta yenyewe ilibuniwa na jeshi, intaneti ilijengwa ili ihimili bomu la nyuklia, na nyuma ya yote hayo kuna taasisi moja ya Marekani iitwayo RAND iliyopanga kila kitu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hapa lisemwalo lipo, ila limechanganywa mpaka anayelitetea na anayelipinga wote wanakosea.

Tuanze kwa kuwatenganisha wahusika, maana mkanganyiko mwingi unatokana na kuwaita wote "jeshi". Kuna jeshi lenyewe: maofisa wenye mizinga, ndege, meli na bajeti. Kuna maabara za vyuo vikuu, ambako wahandisi na wanahisabati walijenga mashine kwa fedha za jeshi huku wakibaki watu wa chuo. Kuna viwanda kama IBM, vilivyotengeneza mashine na kuziuza. Kuna wakala wa serikali wa kugawa fedha za utafiti, ARPA, ulioundwa Februari 1958 chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Haukuwa na maabara yake, ulikuwa na ofisi na kitabu cha hundi.

Halafu kuna taasisi za utafiti na ushauri, ambazo ndizo hasa tunazozungumzia. Si idara za serikali, na nyingi hazitafuti faida. Kazi yao ni kuajiri wasomi wakae na tatizo la mteja muda mrefu kuliko mteja mwenyewe anavyoweza. Ofisa wa jeshi huhamishwa kituo kila baada ya miaka michache; mwanahisabati wa taasisi anaweza kukaa na swali moja miaka kumi na akalipwa mshahara mwezi kwa mwezi.

RAND ndiyo maarufu kuliko zote. Ilianza mwishoni mwa 1945 kama mradi wa jeshi la anga ndani ya kampuni ya ndege ya Douglas, huko Santa Monica, California, kisha Mei 1948 ikawa taasisi inayojitegemea. Jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza ya utafiti na maendeleo. Halihusiani na Remington Rand, kampuni ya taipureta iliyokuja kuuza kompyuta za UNIVAC, wala na hela ya Afrika Kusini. Nalitaja hili kwa sababu nimeona watu wakiunganisha RAND na Remington Rand na kujenga juu yake hadithi ndefu ya njama.

Kabla ya RAND: mizinga na wanawake wa hesabu

Mzinga mkubwa haulengwi kwa macho. Askari anahitaji jedwali linalomwambia: kwa umbali huu, upepo huu, joto hili na aina hii ya baruti, inua mtutu nyuzi kadhaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majedwali ya jeshi la Marekani yaliandaliwa na maabara iliyoko Aberdeen, jimbo la Maryland, na hesabu nyingi zilifanywa na wanawake waliosomea hisabati, kila mmoja na mashine yake ya mezani ya kujumlisha na kuzidisha. Kukokotoa njia moja tu ya kombora la mzinga angani kulimchukua mtu saa 20 hivi au zaidi, na jedwali moja lilihitaji maelfu ya njia hizo. Mizinga ilikuwa ikitoka viwandani haraka kuliko majedwali yake.

Juni 1943 jeshi likakubali kulipia pendekezo la watu wawili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia: John Mauchly, mwalimu wa fizikia ambaye hamu yake ya awali ilikuwa kukokotoa hali ya hewa, na J. Presper Eckert, mhandisi kijana. Mashine yao, ENIAC, ilikuwa na uzito wa tani 30 na valvu za kioo karibu 18,000, za aina iliyokuwa ndani ya redio za zamani. Ilijumlisha mara 5,000 kwa sekunde. Ile njia ya kombora ya saa 20 ikawa kazi ya nusu dakika. Waliojifunza kuipangia kazi, kwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi, ni wanawake sita waliotolewa kwenye lile kundi la wahesabuji: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Mashine ilipozinduliwa mbele ya waandishi wa habari Februari 1946, wao hawakutajwa, na miongo ilipita kabla majina yao hayajaingia vitabuni.

Vita iliisha kabla ENIAC haijakamilika, kwa hiyo haikumsaidia mpiga mzinga hata mmoja wa vita ile. Kazi yake kubwa ya kwanza, mwishoni mwa 1945, ililetwa na wanafizikia wa Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani: hesabu za bomu la haidrojeni.

Sasa, je, jeshi ndilo lililobuni? Wazo lilitoka chuoni. Jeshi lilifanya jambo ambalo hakuna benki wala kiwanda kingethubutu mwaka ule: liliweka fedha, zilizofika karibu dola 500,000, juu ya mashine ambayo wataalamu wengi waliamini valvu zake zingekuwa zinaungua kila baada ya dakika chache. Kulipa si kubuni, ila nani angeijenga bila malipo hayo?

Kilichofuata ndicho naona watu hawakipi uzito wake. Majira ya joto ya 1944, Herman Goldstine, ofisa aliyesimamia mradi wa ENIAC kwa niaba ya jeshi, alikutana kwenye jukwaa la stesheni ya reli ya Aberdeen na John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mshauri wa karibu kila mradi mkubwa wa kijeshi wa Marekani. Von Neumann akavutiwa, akajiunga na mazungumzo ya kundi la Philadelphia kuhusu mashine itakayofuata, na Juni 1945 akayaandika kwenye ripoti ya kurasa 101. Ndani yake mlikuwa na muundo ambao simu iliyo mkononi mwako bado inaufuata kwa kiasi kikubwa: maagizo na data vikae kwenye kumbukumbu moja, na mashine iyasome maagizo hayo moja baada ya jingine. Goldstine akaisambaza ripoti ikiwa na jina la von Neumann peke yake. Eckert na Mauchly walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika.

Ila ripoti ilikuwa imeshatoka. Mwaka uliofuata chuo kiliendesha mafunzo ya majira ya joto juu ya mashine hizi, na mmoja wa waliohudhuria alikuwa Mwingereza Maurice Wilkes, aliyerudi Cambridge akajenga EDSAC, ikafanya kazi Mei 1949. Lyons, kampuni iliyokuwa ikiendesha mikahawa ya chai na mikate Uingereza nzima, ilichangia fedha kidogo kwa EDSAC ili iruhusiwe kuiga, na mwaka 1951 mashine yake, LEO, ikaanza kukokotoa thamani ya mikate na keki za kampuni. Kutoka meza ya mizinga hadi meza ya mikate ni miaka minane.

Ukitaka kuona uzito wa kuachia maarifa yatoke, tazama Colossus. Mhandisi wa posta ya Uingereza, Tommy Flowers, aliijenga kwa ajili ya kuvunja misimbo ya siri ya Wajerumani, na ilikuwa ikifanya kazi mwanzoni mwa 1944, kabla ya ENIAC. Kufikia mwisho wa vita zilikuwapo 10. Baada ya vita nyingi zilivunjwavunjwa, michoro ikachomwa, na habari zake zikafichwa hadi miaka ya 1970. Matokeo yake, mashine iliyotangulia haikuzaa familia kubwa ya kompyuta kama ile iliyozaliwa na ripoti ya kurasa 101. Wanaosema "jeshi likitoa fedha, teknolojia itaenea tu" wajibu kwanza hilo.

Kazi ya RAND: kugeuza hofu kuwa hesabu

Santa Monica ni mji wa pwani, na ofisi za RAND zilikuwa mwendo mfupi tu kutoka ufukweni. Ndani yake walikuwamo wanahisabati, wachumi, wanafizikia na hata wanasaikolojia. Ripoti yao ya kwanza, Mei 1946, ilihusu chombo cha kuizunguka dunia angani, miaka 11 kabla Warusi hawajarusha Sputnik.

Kazi yao ilikuwa kuchukua swali la jenerali, ambalo mara nyingi lilikuwa hofu tu iliyovaa sare, na kuligeuza kuwa kitu kinachoweza kukokotolewa. Swali likishakuwa hesabu, hesabu hugeuka kuwa kubwa kuliko mikono na mashine za mezani. Hapo ndipo RAND ilipogeuka kuwa mlaji mwenye njaa wa kompyuta. Ushawishi wa taasisi hizi uko hapo: ziliamua mashine iulizwe nini.

Mfano mzuri kuliko wote unahusu reli. Mwaka 1955 watafiti wawili waliandika kwa ajili ya RAND ripoti ya siri juu ya mtandao wa reli wa Umoja wa Kisovieti na Ulaya Mashariki. Walitaka kujua mambo mawili: mizigo mingi kiasi gani inaweza kupita kwa pamoja kutoka mashariki kwenda magharibi, na ni njia zipi chache zikikatwa mtiririko wote unasimama. Kwa lugha isiyo na aibu: tupige mabomu wapi? Wanahisabati Lester Ford na Delbert Fulkerson, wote wa RAND, wakalichukua tatizo hilo, wakaliondolea Warusi na mabomu, na mwaka 1956 wakachapisha nadharia na njia ya kulitatua. Leo mwanafunzi wa kompyuta wa Dar es Salaam au Nairobi anaifundishwa kwa jina lao, kwa mifano ya mabomba ya maji na nyaya za mawasiliano. Ripoti ya siri yenyewe ilifunguliwa mwaka 1999.

Mwenzao George Dantzig alikuwa amebuni, akiwa na jeshi la anga mwaka 1947, njia ya kugawa rasilimali chache kwa mahitaji mengi: mafuta kiasi gani, ndege ngapi, kituo kipi. Kampuni za mafuta, za ndege na za usafirishaji zinaitumia hadi leo. Mwaka 1954, akiwa RAND, yeye na Fulkerson na mwenzao Selmer Johnson walipata njia fupi kuliko zote ya kuizunguka miji 49 ya Marekani, na kuthibitisha kwamba hakuna fupi zaidi yake. Kila anayepanga njia za magari ya kusambaza mizigo anadaiwa nao kitu.

Lakini ni hatari kuwafanya miungu. Karibu mwaka 1950 mwanahisabati wa RAND, Ed Paxson, aliongoza uchambuzi mkubwa wa ndege ipi itumike kuishambulia Urusi. Jibu la hesabu lilikuwa ndege nyingi za bei nafuu, za panga boi, nyingine zikiwa za kumzuga adui tu. Marubani wa jeshi la anga waliposoma walihamaki: uhai wa rubani haukuwa umepewa thamani popote kwenye hesabu. Mashine na milinganyo vilikuwa vimejibu swali sawasawa. Swali ndilo lililokuwa na tundu. Nikisoma leo kuhusu mifumo ya akili unde inayochagua shabaha, huwa namkumbuka Paxson kabla ya kumkumbuka mhandisi yeyote.

JOHNNIAC na mashine iliyotoa hoja

RAND haikuridhika kutumia kompyuta za wengine. Von Neumann alikuwa akijenga mashine yake Princeton, na michoro yake ilitolewa wazi kwa taasisi nyingine, hivyo nakala na binamu zake zikajengwa Los Alamos, Illinois, Sydney, Israel na kwingineko. RAND nayo ikajenga ya kwake, ikaipa jina la John huyohuyo: JOHNNIAC. Ilianza kazi 1953 ikazimwa Februari 1966, umri ambao kompyuta chache za kizazi kile ziliufikia. Kumbukumbu yake ya mwanzo ilikuwa ya maneno 256 (yaani vifungu vya data) ya biti 40, ambayo ni chini ya ukurasa mmoja wa maandishi. Baadaye iliongezwa hadi maneno 4,096.

Juu ya mashine hiyo ndipo ilipoendeshwa programu ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya akili unde. Wanaodhani akili unde ni jambo la miaka hii mitatu minne wasikilize kwa makini. Allen Newell alikuwa RAND, kwenye maabara iliyoiga kituo cha ulinzi wa anga ili kuchunguza jinsi wanajeshi wanavyoshirikiana mbele ya rada. Hawakuwa na rada halisi. Yeye na Cliff Shaw, mtaalamu wa programu, wakaitumia mashine ya kukokotoa kuchapa ramani za bandia za rada: alama hapa, alama pale. Herbert Simon, profesa kutoka Pittsburgh aliyekuwa mshauri wa RAND, alipoziona aling'amua jambo ambalo leo linaonekana dogo: mashine hii haikuwa ikitoa majibu ya hesabu, ilikuwa ikipanga alama. Kama inaweza kupanga alama za ndege, kwa nini isipange alama za hoja?

Mwaka 1956 programu ya hao watatu ilianza kuthibitisha kanuni za mantiki, na kati ya kanuni 52 za sura moja ya kitabu maarufu cha misingi ya hisabati ilithibitisha 38. Jeshi halikuwa limeomba kitu kama hicho. Liliomba kujua kwa nini wanajeshi huchoka na kukosea mbele ya skrini. Kilichotokea ni kwamba taasisi iliwaacha watu wake wafuate swali lilikowapeleka, na mteja hakukata mkate. Mwaka 1958 Newell na Simon walitabiri kwamba ndani ya miaka kumi kompyuta ingekuwa bingwa wa dunia wa sataranji. Ilichukua hadi 1997 kwa Deep Blue, kompyuta ya IBM, kumshinda bingwa Garry Kasparov. Kuahidi kupita kiasi nako, basi, kuna umri mrefu katika fani hii.

SAGE: mashine iliyochelewa na shule iliyobaki

Agosti 1949 Urusi ilijaribu bomu lake la kwanza la atomiki, na Marekani ikaamka na hofu ya ndege za adui kuja kupitia Ncha ya Kaskazini. Jibu lilikuwa SAGE, mtandao wa vituo zaidi ya 20 Marekani na Kanada, kila kimoja na kompyuta ya IBM ya tani zaidi ya 200 iliyopokea habari za rada kupitia nyaya za simu, ikazionyesha kwenye skrini, na kumwachia mwanajeshi achague ndege kwa kuielekezea kifaa kama bastola kinachohisi mwanga. Mizizi yake ilikuwa mashine ya chuo cha teknolojia cha MIT iitwayo Whirlwind, iliyoanza kama mradi wa Jeshi la Wanamaji wa kufundishia marubani. Humo ndimo Jay Forrester na wenzake walipokamilisha kumbukumbu ya vipete vidogo vya sumaku, iliyotawala kompyuta nyingi hadi miaka ya 1970.

Kituo cha kwanza kilianza kazi 1958. Tatizo ni kwamba mwaka mmoja kabla, 1957, Warusi walikuwa wamefanikiwa kurusha kombora la kuvuka mabara, na SAGE ilijengwa kwa ajili ya ndege. Mabilioni ya dola yaliingia kwenye ngao ya kuzuia silaha ya jana, na ngao hiyo iliendelea kulindwa na kupigwa rangi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Hata hivyo, mtu anayeipima SAGE kwa ndege ilizozuia atakosa mavuno yake. Nani angeandika programu za mashine hizo? IBM haikuitaka kazi hiyo, na wakati ule wataalamu wa programu walikuwa wachache mno. RAND ikaikubali, ikaajiri mamia ya watu ambao wengi hawakuwa wamewahi kuiona kompyuta, ikawapima uwezo wa kufikiri na kuwafundisha kazi tangu mwanzo. Kitengo kikawa kikubwa kuliko RAND yenyewe. Mwaka 1957 kikatengwa, kikaitwa System Development Corporation, kwa kifupi SDC. Watu waliofundwa humo walitawanyika kwenye mabenki, viwanda na kampuni nyingine za kompyuta. IBM nayo ilichukua uzoefu wa SAGE ikaujengea shirika la ndege la American Airlines mfumo wa kukatisha tiketi, SABRE, uliokuwa ukifanya kazi kikamilifu mwaka 1964. Ukinunua tiketi ya ndege kwa simu ukaona viti vilivyobaki papo hapo, wazo hilo la skrini nyingi zilizounganishwa na kumbukumbu moja ya mbali lilifanyiwa mazoezi kwenye kuwinda ndege za kivita.

Nguvu ya mteja mkubwa ilionekana hata bila maabara. Mwaka 1959 Wizara ya Ulinzi iliwakutanisha watengenezaji wa kompyuta na watumiaji ili wakubaliane lugha moja ya programu za biashara, ikazaliwa COBOL. Wizara ikaweka wazi kwamba mashine isiyoielewa lugha hiyo ingepata shida kununuliwa. Watengenezaji wakatii, na hadi leo mabenki mengi duniani yana COBOL ndani ya mifumo yao.

Intaneti na bomu la nyuklia

Huu ndio uvumi mkubwa kuliko yote, na una nusu ya ukweli, ndiyo maana haufi.

Mwaka 1959 Paul Baran aliingia RAND. Swali lake lilikuwa la kinyuklia kabisa: mabomu ya kwanza yakiangukia vituo vya simu, rais atampaje amri kamanda wake, au atamzuiaje asifyatue? Mfumo wa simu wa wakati ule ulifunga njia moja kutoka kwa mpigaji hadi mpokeaji, na kituo cha kati kikifa, njia imekufa. Baran akapendekeza ujumbe ukatwe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe anwani na namba, na kila kituo kikisukume kipande kwenda kituo jirani kilicho hai. Ni kama kuhamisha duka kutoka Kariakoo kwenda Mwanza kwa magunia yenye namba yaliyopakiwa kwenye magari tofauti: mengine yatapita Dodoma, mengine yatazungukia Arusha, barabara moja ikikatika magari yatageuza, na kule mwisho magunia yatapangwa upya kwa namba zake. Maelezo kamili aliyachapisha 1964 kwenye ripoti nyingi, karibu zote bila siri, kwa sababu, kwa hoja yake, mawasiliano imara ya pande zote mbili yangepunguza hatari ya vita kuanza kwa makosa.

AT&T, kampuni iliyohodhi simu za Marekani, ilimwambia haitawezekana. Jeshi la anga lilitaka kuendelea, lakini kazi ikaelekezwa kwa idara nyingine ya mawasiliano ya Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, ambayo Baran aliona haina ujuzi huo. Mwaka 1966 akashauri mradi uachwe kuliko kujengwa vibaya. Mtandao wa kuhimili bomu haukujengwa.

Uliojengwa, ARPANET, ulitoka kwenye kero ya ofisini. Bob Taylor, aliyeongoza ofisi ya kompyuta ya ARPA, alikuwa na mashine tatu za kuandikia karibu na ofisi yake, kila moja ikiunganishwa na kompyuta tofauti: moja MIT, moja Chuo Kikuu cha Berkeley, na moja SDC, yule mtoto wa RAND. Ukitaka kuhama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine unahama kiti. Isitoshe, kila chuo alichokifadhili kilimwomba kompyuta yake mwenyewe, na kompyuta zilikuwa ghali. Akaona ni nafuu kuziunganisha. Mwaka 1966 akaenda kwa bosi wake, Charles Herzfeld, akapewa dola milioni 1 za kuanzia. Herzfeld mwenyewe baadaye alikanusha waziwazi kwamba lengo lilikuwa kuhimili shambulio la nyuklia.

Basi Baran anaingiaje? Kwa mlango wa nyuma. Oktoba 1967, kwenye mkutano uliofanyika Gatlinburg, Tennessee, Larry Roberts wa ARPA alisikia kutoka kwa Waingereza wa maabara ya Donald Davies, ambaye alikuwa amefikia wazo hilohilo kwa njia yake mwenyewe na ndiye aliyeviita vipande hivyo pakiti, kwamba kuna mtu wa RAND aliyeshaandika yote hayo. Roberts akazisoma ripoti za Baran na kumwita ashauri. Oktoba 29, 1969 kompyuta ya chuo kikuu cha UCLA ilijaribu kuipelekea ile ya taasisi ya utafiti ya Stanford Research Institute neno "login". Mfumo ulianguka baada ya herufi mbili. Davies hakuwa akiogopa bomu lolote. Alitaka watu wengi watumie kompyuta moja bila kusubiriana.

Kwa hiyo anayesema intaneti ilijengwa ili ihimili bomu anachanganya swali la mtu mmoja na bajeti ya mtu mwingine. Na anayesema haina uhusiano wowote na vita naye anasahau kwamba hundi zote zilitoka Pentagon. Hata ofisi ya Taylor ilianzishwa kwa sehemu kwa sababu jeshi la anga lilikuwa na kompyuta kubwa ya ziada, iliyokusudiwa kwa SAGE, ikiwa imewekwa SDC bila kazi ya kutosha. ARPA ikarithishwa, ikatafuta mtu wa kuisimamia, ikampata 1962 J. C. R. Licklider, mwanasaikolojia aliyewahi kuwashauri wajenzi wa SAGE, ambaye alikuwa na ndoto ya binadamu na kompyuta kufanya kazi bega kwa bega. Fedha za ulinzi zikaanza kulipia ndoto hiyo vyuoni.

Mlango ulipofungwa

Kipindi hicho cha ukarimu hakikudumu. Vita vya Vietnam viligeuza wanafunzi wengi wa Marekani dhidi ya utafiti wowote wenye harufu ya Pentagon, na ndani ya RAND yenyewe mtafiti Daniel Ellsberg alianza mwaka 1969 kutoa nakala za historia ya siri ya vita hivyo, kurasa zipatazo 7,000, zilizofika magazetini 1971. Mwaka huohuo wa 1969 Seneta Mike Mansfield alipitisha kifungu cha sheria kilichotaka kila utafiti unaolipiwa na Wizara ya Ulinzi uwe na uhusiano wa moja kwa moja na kazi ya kijeshi. Alitaka sayansi ya raia ilipiwe na vyombo vya raia. Hoja yake ilikuwa safi, lakini vyombo hivyo havikupewa fedha za kuziba pengo lote.

Mwaka 1972 ARPA ikaongezewa jina la ulinzi, ikawa DARPA, na maombi ya fedha yakaanza kuulizwa yatasaidia nini vitani. Watafiti kadhaa wakatafuta pa kwenda. Xerox, kampuni ya mashine za kutoa nakala, ilikuwa imefungua maabara Palo Alto, California, mwaka 1970, ikamwajiri Bob Taylor, naye akawavuta waliokuwa wakilipwa na ARPA vyuoni. Mwaka 1973 walikuwa na Alto: kompyuta ya mtu mmoja, yenye skrini ya picha na kipanya, kifaa ambacho Douglas Engelbart alikuwa amekionyesha hadharani Desemba 1968 kwa ufadhili wa ARPA na NASA. Xerox haikujua la kufanya nayo. Vijana wa kampuni changa iitwayo Apple walipoitembelea maabara hiyo mwaka 1979, wao walijua.